Mzazi Akifutwa

Tulipopita Mafinga, kijana wa kiti cha mbele yangu bado alikuwa na kompyuta mapajani. Mama wa pembeni yake, aliyekutana naye humo humo kwenye basi la kutoka Mbeya, akamuuliza kinachomsumbua. Mimi nikajifanya nasinzia, kazi ninayoiweza sana.

"Mfumo wa shule, mama. Mimi siongei moja kwa moja na database, yaani ghala la taarifa zake. Kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, naandika tu Mzazi na Mwanafunzi, halafu kuna kitu kinaitwa ORM kinatafsiri kuwa amri za database. Sasa karani kamfuta mzazi mmoja aliyefariki, ORM ikafuta na watoto wake wawili. Asubuhi mwalimu kaita majina, wao hawamo."

"Nani aliiambia ifute watoto?"

"Ni mstari mmoja tu, niliunakili kutoka kwenye mfano wa mtandaoni. Kila mtu anautumia. Mtoto akibaki bila mzazi, database inamwona takataka."

"Database, au wewe?"

Kijana akaeleza kwa nini data isiyo na mwenyewe huleta makosa. Alieleza vizuri, nusura nifumbue macho nimuunge mkono. "Nitawarudisha leo leo," akamaliza. "Nakala ya jana ipo."

"Utawarudisha kwa nani?"

Vidole vikasimama. Basi nalo likasimama, kituo cha Ipogolo. Mama akanyanyuka na mkoba wake.

"Mimi nalea watatu wa marehemu mdogo wangu," akasema. "Humo kwenye kodi yako, mimi naitwa nani?"