Nyirarukundo Hataki Kutembea

Benchi letu liko mtaa wa Biryogo, Kigali, kibarazani kwa fundi Munyakazi, na linabeba watu wanne wakijibana. Asubuhi ile tulikuwa watatu na kahawa zetu: mimi, mzee Nshimiyimana aliyeendesha lori mpaka akastaafu, ndiye Dereva, na Kaze mwenye duka la jirani, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Munyakazi alikaa kwenye cherehani bila kushona. Mkewe Nyirarukundo alikuwa amepasuliwa tumbo juzi, mara ya pili. Kovu la ndani, la upasuaji wa uzazi wa zamani, lilishikana na utumbo, ukajikunja, chakula kikawa hakipiti.

– Daktari anasemaje? Dereva aliuliza.

– Ameunasua. Ameweka kitu chembamba kama bitana, kinayeyuka chenyewe, ili vya ndani visigandane wakati anapona. Lakini haahidi. Anataka mgonjwa aamke atembee, utumbo nao uamke. Mke wangu hataki. Tangu jana anaangalia ukuta tu.

– Daktari amwache. Gari ikitoka gereji unaipumzisha.

– Gari ikikaa inashika kutu, alisema Profesa. Ampe mafuta ya alizeti, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Utumbo uko na mafuta, utashika wapi?

– Profesa, nikasema, mafuta yanapita ndani ya utumbo. Unashikana kwa nje.

– Basi apakwe na nje.

– Mimi naona alale kichwa chini, alisema Dereva. Kila kitu kirudi mahali pake.

– Na mishono?

– Basi acheze muziki, alisema Profesa. Taratibu, kiuno tu.

Munyakazi alitaka kucheka, akaacha.

– Miaka thelathini nashona, alisema. Mshono wa mke wangu naogopa hata kuuangalia.

Christella, mteja aliyefuata gauni lake, alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

– Samahani, wazee. Yeye mwenyewe anaogopa nini?

Munyakazi alitutazama mmoja mmoja.

– Sijamuuliza, alisema.

Akampa Christella gauni, akafunga duka, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda hospitali.

Kesho yake alikuja akasimama mbele yetu, akatusimulia. Kumbe mkewe alipojifungua kwa kupasuliwa, miaka tisa iliyopita, Munyakazi alikuwa na kazi mbali, Rusizi. Nyirarukundo aliamka peke yake wodini kwenda chooni, kizunguzungu kikamwangusha. Akabaki sakafuni, anasikia mtoto analia kitandani, hawezi kuinuka. Hakumwambia mtu.

– Hata mimi, alisema Munyakazi. Miaka tisa.

– Ukamwambiaje? Dereva aliuliza.

– Nilimwambia anishike shingoni. Tukaenda mpaka dirishani, hatua saba. Akapumzika, tukarudi. Mchana tukarudia. Jioni akatoa upepo, sha, rafiki zangu, kila mtu wodini akasikia. Yeye akajificha kwenye shuka kwa aibu. Nesi akafurahi, akasema utumbo umeamka.

Profesa alikohoa.

– Na vya ndani, havitashikana tena?

– Hakuna anayejua.

– Sasa mtafanyaje?

Munyakazi alikuwa tayari anavaa koti.

– Leo tunajaribu kufika mlango wa wodi.