Shimo Alilolisomea Binti wa Fundi

Kahawa ilikuwa bado ya moto pale kijiweni, kwenye benchi lililobanwa kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya baiskeli, Fundi Cherehani alipofanya kosa la kuwaonyesha wenzake picha kwenye simu. Binti yake, anayesoma ughaibuni, alikuwa amemtumia shimo. Shimo la mwezini, pana kama wilaya nzima, kingo zimelika, mashimo mengine yamelikalia mabegani. Huu mwaka wa tatu analisomea hilo hilo. Fundi hakujua ajivunie au aone haya.

— Miaka mitatu, shimo moja? Kinyozi aliguna. Angekuja kwangu, barabara hii tu ningempa arobaini kabla ya saa sita.

— Hii ni kesi ya mpaka, alisema Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, tena kizimbani. Tazameni huyu jirani mkubwa alivyomega ukingo wa mwenzake. Mzee wa watu kalala, mtu kasogeza ukuta!

— Ukuta gani? Ni vimondo, alijitetea Fundi. Ameandika kwamba hili ni la kale. Majirani wamekuja baadaye, na kila mmoja alipochimbika alilirushia kifusi.

— Kumbe mwezini nako kuna wakwe, alisema Kinyozi.

Spana, mwenye karakana, aliweka pampu chini.

— Danganyweni tu. Hapo pamechimbwa madini. Binti kaambiwa afunge mdomo, ndiyo maana anajifanya msomi.

— Na likizo haji! Wakili alidakia. Shahidi muhimu hasafiri ovyo.

Wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, macho yakiwa kwenye ile picha. Kila akimpigia binti yake humuuliza kama amekula, kama kuna baridi, basi, anakata.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuzibiwa pancha alichungulia ile simu.

— Limechakaa hivi, na mazima yapo tele. Kwa nini kachagua hili?

Wakili alikohoa. Spana akakumbuka kuwa ana kazi. Kinyozi, mtu asiyekosa la kusema tangu azaliwe, akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kisha wote wakamgeukia Fundi.

Aliinuka, akasogea pembeni, akapiga.

— Mwanangu, hili shimo lako. Nieleze.

Upande wa pili kitabu kilisikika kikifungwa.

— Baba, ni habari ndefu. Una muda?

— Ninao, alisema, akavuta ndoo tupu ya Spana, akaketi.