Mikono Miwili, au Usiiguse

Tangu Jumanne iliyopita, karakana ya nyuma ya kiwanda cha mikate haijasikika. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele za misumeno sasa wanalalamikia kimya. Mama wa duka la pili amesema anafungua mlango asubuhi, anasimama, anasubiri kitu, kisha anakumbuka kwamba karakana imefungwa kwa msiba.

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kama Fundi Shoto, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa mshonaji na mlinzi wa ghala. Kabla hajajua kutembea alikuwa akivuta kila kitu kwa mkono wa kushoto. Bibi yake alijaribu kumrudi, akashindwa, akasema, "Mwacheni. Huyu akishika hashikiki."

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani hadi mwaka 1977. Mwalimu wa darasa la kwanza alimgonga vidole kwa rula kila alipobadilisha mkono wa kuandikia. Basi akajifunza kuandika kwa wa kulia, tena mwandiko mzuri, na kufanya mengine yote kwa wa kushoto. Mwaka 1981 aliingia chuo cha ufundi kusomea useremala. Walikuwa wasichana wawili darasani. Mwenzake alihamia ushonaji. Yeye alibaki, na mwaka 1983 akahitimu.

Januari 1984 aliajiriwa kwenye karakana kubwa ya milango na madirisha. Huko ndiko alikopata alama ile ya kidevuni ambayo wajukuu walipenda kuipapasa. Msimamizi alikuwa amemwamuru atumie mashine "kama watu", yaani mkono wa kulia kwenye swichi. Siku moja ya Mei 1985 alikuwa akikata bawaba iliyoshika kutu kwa grinda, mashine ya diski ya kukatia chuma. Diski ikabanwa, mashine ikaruka, na mkono wa kulia, uliofunzwa kalamu, haukuwa na nguvu ya kuirudisha. Miwani ya kazi iliokoa macho. Kidevu kilishonwa.

"Si nilisema?" msimamizi aliwaambia wenzake. "Mwanamke na grinda ni paka na maji."

Ilipofika Jumatatu, paka alirudi majini, bandeji usoni. Alichomoa plagi, akaigeuza mashine mezani, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Mpini wa pembeni ulikuwa umefungwa kushoto. Upande wa pili palikuwa na tundu lenye vumbi, lililoachwa na waliotengeneza mashine kwa ajili ya watu kama yeye. Alihamisha mpini, akazungusha kinga ya diski ili cheche ziende mbali na mwili wake, akakaza kwa spana, ndipo akachomeka.

"Nani kakuruhusu kuharibu mashine?" msimamizi aliuliza.

"Sijaiharibu, mzee. Nimeigeuza inikute nilipo."

Alikata siku nzima. Hakuna aliyemsemesha tena habari ya mkono.

Ndipo alipojiwekea sheria zake, nazo hazikuwa nyingi. Chomoa kabla hujagusa diski. Kinga haitolewi, hata kama kazi ni ya dakika moja. Msasa wa umeme ni wa mtu aliyevaa barakoa, maana mapafu hayana kiraka. Na iliyo juu ya zote: mikono miwili, au usiiguse.

Mume wake alimpata kwa sheria hizo. Alikuwa dereva wa lori la mbao. Siku ya kwanza kuzungumza naye, Fundi Shoto alikuwa akipasua ubao kwa msumeno wa umeme, na kijana, akitaka sifa, akaukanyaga ubao ili usiteleze.

"Toa mguu hapo," alimwambia, akiwa ameshazima mashine. "Kibano ndicho kinachoshika. Mguu ni wa kutembelea. Unadhani nitaolewa na mtu wa mguu mmoja?"

"Kwani nani kasema unaolewa?"

"Basi kwa nini unaleta mbao ambazo hatukuagiza?"

Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1988. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Mwaka 1996 yeye na mdogo wake walifungua karakana hii tunayoijua. Mteja aliyeleta grinda isiyo na kinga ili kutu iondolewe kwenye geti lake aliambiwa, "Hiyo mashine yako iko uchi, iache nje." Wapo waliokasirika wakaenda kwingine. Hakuwafuata. Katika miaka yote ya karakana ile, hakuna aliyetoka humo na kidole pungufu, na hilo ndilo jambo pekee alilokubali kujisifia.

Tarehe 2 Februari 2022 alipatwa na kiharusi. Alipotoka hospitali, maneno yake yalikuwa yamesalimika na ulimi wake mkali ulikuwa vilevile, lakini mkono wa kushoto ulining'inia kama mkono wa koti.

Wakati huo alikuwa ameacha kazi moja katikati: meza ya kulia chakula ya kitinda mimba wake, aliyekuwa ameanza maisha yake. Miguu ilishaungwa. Uso wa meza ulikuwa bado na makwaruzo ya msumeno. Mdogo wake alijitolea kuimaliza.

"Nilimwahidi mimi," alijibu. "Hukumwahidi wewe."

Mwezi wa tano mume wake alimkuta karakanani peke yake. Amesimama mbele ya meza, mashine ya msasa imechomekwa, mkono wa kulia umeishika. Mume alimjua, akabaki mlangoni. Fundi Shoto aliwasha. Mashine ikamvuta hatua moja pembeni, bega likayumba. Akazima. Akasimama hapo, machozi yakimtoka zaidi upande mmoja wa uso kuliko mwingine, kisha akainama akachomoa plagi mwenyewe.

Mdogo wake alipopata habari alikuja na wazo: waifunge mashine kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, yeye asogeze tu mbao.

"Mashine hii imetengenezwa ishikwe," Fundi Shoto alisema. "Nikianza kuzitafutia sheria zangu uchochoro leo, kesho na wewe utatoa kinga."

Akaomba kipande cha mbao na karatasi ya msasa. Akakizungushia karatasi, binti yake akamfunga barakoa iliyokuwa ikiteleza upande wa mdomo uliolegea, akaanza kusugua kwa mkono. Ule mkono wa kulia, mkono wa rula ya mwalimu.

"Dada," mdogo wake alimtania, "kwa mwendo huu konokono atakupita."

"Konokono naye hufika. Sogea, unanizibia mwanga."

Alifika mwezi wa tisa mwaka uliofuata. Karibu na kona moja, alipozoea kuegemea akichoka, uso wa meza una bonde dogo. Mdogo wake alitaka kulijaza. Kitinda mimba alikataa. Ndipo anapoweka kikombe chake.

Tarehe 14 Novemba 2023, Jumanne alasiri, kiharusi cha pili kilimchukua, hospitalini, mume na watoto wakiwa kando ya kitanda. Hakuteseka sana.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, mdogo wake na shemeji zake, pamoja na mafundi aliowalea, ambao wamekuja hapa leo na vidole vyao vyote.

Kazi aliyoiahidi aliimaliza. Mungu ampe usingizi wa mtu aliyemaliza. Anazikwa leo saa tisa, kwenye makaburi ya juu ya barabara, kando ya mama yake, mstari wa ukutani.