Papa Barthélemy Cikuru na Feni Aliyoipunguza Kasi

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, haya ndiyo maisha ya baba yetu, pamoja na kosa ambalo mwenyewe alituagiza tusilifiche.

Barthélemy Cikuru alizaliwa Katana tarehe 14 Agosti 1967, mtoto wa tatu wa Papa Isidore na Maman Adèle. Baada ya shule ya msingi alikuja Bukavu kujifunza umeme, akapata diploma ya serikali mwaka 1987. Alitengeneza redio kwanza. Tangu 2004 alikuwa na atelie, karakana yake ya kutengeneza kompyuta, mtaani Kadutu.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa na Maman Delphine, aliyezoea kukuta bisibisi kati ya vijiko vyake.

Katika kazi, baba alisifika kwa kupoza mashine. Feni ikienda polepole mno, kompyuta inapata joto na kuzima. Ikienda kasi mno, inamaliza betri na kupiga kelele. Kila moja aliitafutia kasi yake, kiganja juu ya sanduku la mashine, akisikiliza.

Februari 2025, Maman Consolate, muuguzi wa kituo kimoja cha afya njia ya Nyangezi, alimlalamikia kwamba feni ya kompyuta ya kituo inanguruma kama ndege: "Papa, hii ventilateur iko napiga kelele kama avion. Bagonjwa habalale!" Baba akapunguza kasi, akaondoka. Hakuuliza kama mashine inafunikwa. Kumbe kila asubuhi iliwekewa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika televisheni nyumbani, na kitambaa kiliziba matundu ya hewa.

Tarehe 11 Machi, saa nane mchana, aliitwa kwa simu kutoka kituo kile. Mama mmoja, Mireille, alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Majina ya watu wa kumtolea damu yalikuwa ndani ya kompyuta ile tu, nayo ilizima kila ilipowashwa. Daktari alikuwa amemkataza baba safari kwa sababu ya moyo. Hata hivyo alipanda pikipiki, akaenda.

Alikiondoa kitambaa, akafungua sanduku, akaunganisha feni moja kwa moja na umeme ili izunguke kwa kasi yote. Kisha akakaa bila kugusa kitu.

"Papa, washa!" alilia Placide, mume wa Mireille. "Bibi yangu anakufa!"

"Ngoja ipoe. Nikiwasha sasa, itazima tena."

Dakika sita zilipita. Mashine ikawaka, ikabaki inawaka, na Maman Consolate akaanza kuwapigia watu wa kutoa damu. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilikuwa imefungwa. Mtu wa tatu akajibu: "Niko nakuya."

Alikuja, akatoa damu, na Mireille akapona. Maman Consolate alipoanza kujilaumu kwa kitambaa, baba alimkatiza mbele ya wote: "Hapana, maman. Ni miye njo nilipunguza ventilateur, na sikuangalia." Akamwomba Placide msamaha. Placide hakumpa mkono.

Tangu siku hiyo moyo wa baba ulizidi kudhoofika. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, hatukuweza kumpeleka mbali kutibiwa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Maman Delphine, watoto wanne, Ariane, Delphin, Akili na Malaika, wajukuu wawili, na dada yake, Maman Yvonne.

Juzi Placide alikuja kilioni pamoja na Mireille na mtoto. Hakusema mengi. Aliomba kubeba jeneza, na familia imempa nafasi ya mbele, upande wa kulia.

Bwana ampokee baba yetu, ampe pumziko lenye amani.