Maji ya Miguuni

Treni kutoka Moshi ilikuwa ikikaribia Same huku mvua ikinyesha. Mbele yangu karani mmoja alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye kwamba gari lake dogo, alilonunua kwa bwana shauri, ofisa wa wilaya aliyehamishwa, linaingiza maji. "Yanajaa miguuni, kwa hiyo yanaingilia chini. Nimeziba sakafu yote kwa lami, na sasa yanazidi."

Yule mama, mkulima wa Vudee, alicheka. "Mwanangu, mfereji ukibomoka, shamba la chini ndilo linalolowa. Sisi huwa tunaziba shamba? Tunaufuata mfereji kupanda mlima mpaka pale ulipobomoka. Pakaza majivu makavu ndani, kuzunguka vioo na milango, kisha mwaga maji kwa nje. Pale majivu yatakapolowa, ziba hapo."

"Mama, umewahi kuendesha gari?"

"Wewe umewahi kuchimba mfereji?"

Mimi, nisiye na hata baiskeli, niliona swali limejibiwa.

Treni iliposimama, karani alishuka akishikilia kuwa sakafu ndiyo mbovu. Gari lake lilikuwa pale pale stesheni. Kupitia dirishani nilimwona akiingia, akapandisha miguu kitini kukwepa maji, kisha polepole akainua uso kutazama paa.