Jirani Aliyengoja Kuulizwa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, vuteni kiti, mketi nami. Hapa ni Haifa, na anayesema nanyi ni Labib Zarifi. Leo tunamkumbuka Bi Najla Andrawus. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa fundi cherehani. Hakuolewa. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, mtaa wa Hadar, kwenye jengo lile ambalo lifti yake haijawahi kufanya kazi tangu tuzaliwe. Kwa waliochelewa kufungua redio, narudia: Bi Najla Andrawus, fundi cherehani wa Hadar, hatunaye tena.

Wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake. Mimi mwenyewe nilioa ndani ya suruali aliyoipunguza. Nilisimama pale na pini zake miguuni, naye hana hata habari ya kunihurumia. "Labib, usinenepe kabla ya Jumapili," akasema. "Mimi nashona nguo, sishoni miujiza."

Bi Najla alikuwa Mkristo, muumini wa kanisa letu dogo la mtaa wa chini. Na kwa miaka mingi alikuwa na hamu moja, iliyojulikana na Mungu na watu wachache. Alitamani amweleze jirani wa mlango wa pili habari za Bwana wake Yesu, na jirani huyo asikilize kwa hiari yake. Jirani huyo ni Mzee Anshel Reichberg. Ni Myahudi, mshika dini, mzaliwa wa Ubelgiji. Narudia, maana hapo ndipo penye hadithi yetu: Bi Najla alitaka mzee asikilize kwa hiari. Si kwa kuviziwa, wala kwa kuhongwa na bakuli la supu.

Na mambo yalianza vibaya, wasikilizaji. Yalianza kwa vileja.

Mwaka ule Reichberg na mkewe, Bi Mindel, walikuwa wamehamia tu. Pasaka yao na Pasaka yetu ziliangukia juma moja. Bi Najla akaoka vileja vya tende, kama mama zetu wote, akajaza sinia, akabisha hodi kwa majirani wageni. Alijua Wayahudi hawaingizi mkate nyumbani siku zile. Nani wa Haifa asiyejua hilo? Lakini alijiambia, vileja si mkate, havina hamira.

Bwana Anshel akafungua mlango. Akaona sinia. Akaweka mkono wake mlangoni kama askari wa mpakani.

"Mama, simama hapo hapo! Usikanyage ndani!"

"Havina hata chembe ya hamira, bwana. Naapa."

"Vina unga wa ngano?"

"Sasa kileja bila unga kitakuwa nini?"

"Na maji umetia?"

"Nimetia."

"Basi yametosha! Unga ukikutana na maji, kwetu ni chachu tayari. Mke wangu amesugua nyumba hii mwezi mzima, hata mifuko ya makoti yangu ameikung'uta!"

Bi Najla alishtuka, sinia likayumba, na vileja viwili vikaanguka. Vikavunjika pale pale kizingitini. Unga na tende, mlangoni kwa mshika dini, siku ya pili ya Pasaka. Bwana Anshel alifumba macho. Na kutoka jikoni ikasikika sauti ya mwanamke anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa Bi Mindel.

"Anshel, mwache mama wa watu apumue! Wewe mama, chukua ufagio wako, si wangu, ufagie. Pasaka ikiisha uje unifundishe kuvipika. Hapa, kwa vyombo vyangu, na moto nitauwasha mimi."

Ndivyo walivyoshikana, wanawake wale wawili. Pasaka ilipoisha walipika pamoja, kwa vyombo vya Bi Mindel, na moto akauwasha Bi Mindel, kama inavyotaka sheria yao ya chakula. Tangu hapo hawakuachana. Bi Najla hakupeleka tena chakula alichopika kwake. Alipeleka komamanga zima, chungwa zima, vitu ambavyo havina mashaka. Na siku ya Sabato, ambayo wao hawawashi moto wala taa, taa ikizimika, Bi Mindel hakumwagiza jirani aiwashe, maana haifai kumwagiza mtu. Alitoka tu ngazini akasema na kuta: "Jamani, humu ndani leo kuna giza!" Bi Najla akaingia, akabonyeza, akatoka, na hakuna aliyemwagiza mtu.

Sasa sikilizeni. Siku moja Bi Najla alikuwa kwao akipima mapazia. Katika mazungumzo akataja jina la Yesu, kwa upendo, kama anavyotajwa mtu wa nyumbani. Bwana Anshel akasimama.

"Jina hilo lisitajwe humu."

Kisha akaeleza kwa nini. Alikuwa na dada mdogo, Perla. Wakati wa vita vile vikubwa, Wayahudi wa Ulaya walipokuwa wakiuawa, mama yao alimkabidhi Perla kwa watawa wamfiche apone. Wakamficha. Wakampa jina jingine, wakambatiza. Vita vilipoisha, Anshel peke yake ndiye aliyerudi katika ukoo mzima. Akaenda kumchukua dada yake. Mtoto alipomwona alijificha nyuma ya joho la mtawa, akafanya ishara ya msalaba. Alimwogopa kaka yake. Kabla Anshel hajapata karatasi za kumdai, familia fulani ilikuwa imemchukua mtoto, ikahama, na hakumpata tena.

"Walimwokoa," alisema. "Silikatai hilo. Kila siku nawashukuru, na kila siku nalia kwa sababu yao. Kwa hiyo, jirani, mlango wangu uko wazi kwako. Lakini jina hilo usilitaje mpaka nikuulize mimi."

Bi Najla alilia pale pale, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Akasema, "Nimekubali." Akaahidi.

Ahadi ile ilimgharimu, wasikilizaji. Kanisani kwetu, mzee mmoja wa kanisa, jina lake tuliache, alimkabili baada ya ibada. "Dada Najla, miaka yote hii mlango kwa mlango na Myahudi, na hujamhubiria? Taa haiwashwi ikawekwa chini ya pishi."

Akamjibu: "Nimeahidi. Nikivunja ahadi, nitamhubiria nini? Kwamba Bwana wangu anafuga waongo?"

Mzee wa kanisa akatafuta kofia yake.

Miaka ikapita. Bi Mindel akaugua, ugonjwa mrefu. Bi Najla alimwosha nywele, alimkalisha dirishani, alimshonea magauni yanayofungukia mgongoni ili yasimuumize. Bi Mindel alipofariki, Mzee Anshel alikaa matanga ya siku saba kama desturi yao, juu ya kigoda kifupi, vioo vimefunikwa. Na desturi yao ni kwamba anayekuja kutoa pole haanzi kusema. Anangoja mfiwa aanze. Mfiwa akinyamaza, nawe unyamaze.

Bi Najla alikwenda kila siku. Akaketi karibu na mlango. Mzee hakusema naye, naye akanyamaza. Yeye, ambaye hata akipiga cherehani alikuwa anabishana nayo! Alikaa, akanyamaza, akaondoka.

Siku ya saba mzee akainua macho.

"Bi Najla. Unaniombea niwe kama wewe?"

Hiyam, binti wa kaka yake Bi Najla, alikuwa amekuja kumchukua shangazi yake, na alisikia kwa masikio yake. Jibu rahisi lilikuwepo. Neno moja tu, hapana, na amani ya nyumba ile ingebaki.

"Ndiyo," alisema Bi Najla. "Kila asubuhi."

"Na Mindel? Ulimwombea hivyo?"

"Na Mindel."

"Alijua?"

"Alijua. Alisema, 'Omba, mwenzangu. Maombi hayaachi makombo sakafuni.'"

Mzee Anshel akageuza uso ukutani. "Toka," akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Ngazini Hiyam alimkaripia: "Shangazi, mtu yuko matangani! Si ungesema hapana tu?"

"Kama ningemdanganya kuhusu maombi yangu," alisema Bi Najla, "angeniamini vipi kuhusu Bwana wangu?"

Lakini alipofika kwake alikaa kitini na koti lake mwilini, akalia kama mtoto. Aliamini ameharibu yote. Miaka yote ile ya kungoja, na sasa mlango umefungwa. Ulifungwa wakati wa mvua. Ukabaki umefungwa mlozi ulipochanua, ukabaki umefungwa joto lilipokuja. Mzee alipomsikia ngazini alingoja apite kwanza. Komamanga aliloliacha mlangoni lilikaa pale mpaka likanyauka. Hata hivyo hakuacha kuomba, na hakuacha kusalimia mlango ule uliofungwa. "Habari za asubuhi, Mzee Anshel," kila asubuhi, kwa mbao na kitasa.

Halafu Ijumaa moja mchana, kabla Sabato haijaingia, mlango wa Bi Najla ukabishwa hodi. Alikuwa mzee. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, alipapasa ukuta. Maneno haya nimeyapata kwa Mzee Anshel mwenyewe, juzi, na ameniruhusu niyatangaze.

Alimwambia: "Jirani, tangu Mindel afe nimekaa natafuta uongo mmoja uliowahi kuniambia, ili nikuchukie kwa haki. Sijaupata. Nimechoka kuutafuta. Njoo unisomee Zaburi, sioni tena. Na ukimaliza, useme. Sasa nakuuliza mimi."

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa ameomba kwa miaka mingi apewe nafasi ile. Mngedhani angehubiri mpaka usiku. Alimweleza jambo moja tu, la maisha yake mwenyewe.

Alimwambia kwamba mwaka wa vita vya hapa kwetu, vya Waarabu na Wayahudi, akiwa msichana, baba yake alipoteza nyumba, na familia ya Kiyahudi ikaingia ikalala katika vitanda vyao. "Nikawachukia ninyi, Mzee Anshel. Niliwachukia mpaka nikawa siwezi kula. Na kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya Yesu. Siku moja nikamwona alivyo. Ni Myahudi. Mama yake Myahudi, rafiki zake Wayahudi, alikufa akiomba Zaburi zenu. Nitamwambiaje, nakupenda wewe, lakini ndugu zako siwataki? Nikamwambia, iondoe hii chuki, mimi siiwezi. Akaiondoa. Haikuondoka siku moja. Lakini ndiyo maana wakati ule nilikuja na vileja. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine yameandikwa, nitakusomea ukitaka."

Mzee alipapasa kitabu cha Zaburi, akakifunga. Kisha akasema, "Nimesikia. Siamini. Uje kesho jua likizama."

Akaenda. Na tangu hapo, karibu kila jioni, walisoma. Kwanza Zaburi. Na siku nyingine mzee alikuwa anasema, kana kwamba anaagiza chai, "Haya, soma na lenu kidogo." Walibishana, wasikilizaji! Hiyam anasema majirani wa chini waligonga dari kwa ufagio. "Hapo mtume wako amekosea!" "Hajakosea, wewe ndiye umesinzia!" Hivyo mpaka Jumatatu ya juma lililopita. Jumanne moyo wa Bi Najla ulisimama, akiwa ameketi kwenye cherehani.

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, mzee aliamini? Nilimuuliza. Akanijibu, "Hilo nazungumza na Mungu, sizungumzi na redio." Nami nikajiona nimejibiwa vizuri.

Lakini niwaambie nilichokiona Alhamisi, makaburini kwetu. Mzee Anshel alikuja na mwanawe, Efraim. Wao ni wa ukoo wa makuhani, uzao wa Haruni, na watu wa ukoo huo hawaingii makaburini. Hawakaribii maiti. Wakasimama nje ya lango, juani. Nikatoka kuwapa kivuli cha mwavuli wangu, ndiyo maana nilisikia.

Efraim alisema, "Baba, mwisho wetu ni hapa. Tumetoa heshima, turudi."

Mzee akasema, "Torati inamruhusu kuhani kuingia kwa jamaa zake. Kwa mama, kwa baba, kwa mtoto, kwa ndugu. Na kwa dada ambaye hajaolewa."

"Baba, yule si dada yako."

"Hakuolewa," alisema mzee. "Niachie mkono."

Akaingia. Efraim alibaki langoni analia, na mzee akaenda peke yake akipapasa njia kati ya misalaba yetu, yule aliyekuwa hawezi kusikia jina la Yesu sebuleni kwake. Hiyam akamwona. Akasogea, akampa nafasi kwenye mstari wa wafiwa. Mzee akashika ukosi wa koti lake, akauchana, kama wachanavyo kwao mtu akifiwa na wa tumbo moja. Sote tukapita kumpa mkono. Na mzee wa kanisa naye alipita, yule wa taa na pishi. Alimshika mkono muda mrefu.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, mfikirieni jirani wa mlango wa pili. Mjiulize kama amewahi kuona kwenu kitu cha kumfanya aje kuuliza. Nami nitajiuliza.

Twatoa rambirambi zetu kwa Hiyam na watoto wake, na kwa ukoo wote wa Andrawus. Twatoa rambirambi kwa kanisa la mtaa wa chini, na kwa mabibi harusi wote ambao magauni yao yamebaki na pini.

Na kwako, Mzee Anshel Reichberg, kaka wa marehemu: pole sana, mzee wetu.