Bi Mahbuba na Mnara wa Waridi wa Qurayyat

Ndugu wapiganaji wenzangu wa mwanga! Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Mahbuba bint Sleiman, msimamizi wa minara yetu ya taa kutoka Maskati hadi Qurayyat, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza akiwa fundi umeme kijana wa Bawshar, Kiswahili chake cha Unguja amekirithi kwa bibi yake. Idara yetu ya minara ikampeleka mafunzoni katika pwani ya Baltiki. Huko aliona jinsi theluji inavyoumeza mnara mweupe, ndiyo maana ukavikwa mistari myekundu. Alirudi na koti zito ambalo hakulivaa tena, na hoja moja: kwetu vumbi ndiyo theluji. Minara yetu ikapakwa mistari.

Tusimpambe kwa sifa tupu. Mwaka mmoja rangi nyekundu ilipungua, naye akaichanganya na nyeupe ili kazi isichelewe. Mnara wa Qurayyat ukatoka wa waridi, chini hadi juu! Nahodha Awadh, akirudi na samaki wake siku ya vumbi, aliutazama, akaapa huo si mji wake, akapita. Alipofika nchi kavu, tangi tupu, alipiga simu: “Bi Mahbuba, mnara umeuvika kanga ya nani?” Bi Mahbuba alicheka mpaka machozi, kisha akaenda mwenyewe hadi mtaa wa Ghala, Maskati, kutafuta rangi.

Mwezi uliopita wakubwa walipendekeza taa ya Qurayyat izimwe siku atakayostaafu. Manahodha wote, walisema, sasa wanaongozwa na setilaiti. Sisi wanafunzi tulio mazoezini idarani tulihutubu juu ya haki, tukahutubu juu ya historia, hawakutikisika. Ndipo Bi Mahbuba aliposimama na aibu yake mkononi: “Kama hapana anayeutazama mnara, walonitukana kwa ile rangi walikuwa wakitazama nini? Matusi yao nnayakumbuka yote!” Ukumbi ukaangua kicheko, na hoja yake ikapita. Taa itabaki, kwa sharti kwamba apatikane miongoni mwetu wa kuitunza.

Bi Mahbuba, ahsante. Umetupandisha ngazi tukihema nyuma yako, ukatungoja juu na chai ya maziwa bila kutusimanga. Sasa pumzika. Tunakuombea siha, umri, na simu zisizotoka baharini.

Ndugu, tukutane Jumapili, saa kumi na moja jioni, chini ya mnara wa Qurayyat, tumchague mrithi. Jina langu nimeshalitoa. Njooni mnishinde!